Japicha na DVD ya Mama

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Wahenga walinena kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nami nimeishi kwa methali hiyo na imenifaa. Naogopa nyoka, naogopa radi, naogopa simu inayolia alfajiri. Lakini kwa miaka mingi pale Rodi Kopany, kilichonitia hofu kuliko vyote kilikuwa mtu mmoja mpole, mwenye kofia ya kitambaa na njugu mfukoni, ambaye chumba chake cha kazi kilipakana na duka langu la dawa za mifugo. Tuligawana ukuta mmoja, tena mwembamba. Alipokuwa akipanga picha zake, vilio vya watu nisiowajua vilipenya ukutani vikanikuta nikimpimia mteja dawa ya kupe.

Watu walimwita Japicha, yaani mtu wa picha. Kazi yake ilikuwa kupiga video za mazishi. Harusi alipiga pia, lakini harusi huku kwetu huahirishwa na mazishi hayaahirishwi, kwa hiyo Jumamosi zake nyingi zilikwenda makaburini. Mtu akifa, watoto wake wako Nairobi, wako Mombasa, wengine wako ng'ambo, na si wote wanaofika. Asiyefika hupelekewa CD. Huku kila sahani inayong'aa ni CD, iwe ya nyimbo, ya mahubiri au ya maiti, ingawa Japicha mwenyewe alisisitiza kwamba za kwake ni DVD na alikasirika ukikosea. Basi yule aliyekosa kufika huketi na jamaa zake huko aliko, wakatazama kuanzia gari la maiti linapoingia bomani mpaka kaburi linaposawazishwa. Hapo ndipo huhesabiwa kwamba naye amezika. Kutazama nusu ni sawa na kuondoka matangani bila kuaga, na hakuna anayetaka kisa hicho na marehemu.

Kilichotutisha ni ile taa nyekundu ya kamera yake. Sijui nani alianza maneno hayo, lakini yalikuwa yameenea kuanzia Rodi mpaka Rangwe kwamba uso ambao Japicha anaukawiza kwenye kamera ndio utakaofuata. Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa letu ambaye alipigwa video kwa muda mrefu akimenya muwa wakati wa hotuba, na kabla muwa mwingine haujakomaa tulikuwa tumemzika. Tangu hapo viti vya mbele matangani vilikaliwa na wageni tu. Sisi wenyeji tulijibanza nyuma. Mimi nilikuwa na kawaida ya kujificha nyuma ya wanawake wanene, na siku moja mwanamke niliyemtegemea akainama kuokota leso, nikabaki wazi, nikaiona ile taa inanitazama. Nilirudi nyumbani nikaita mchungaji aniombee. Mume wangu alicheka hadi akakaa chini.

Japicha aliyajua maneno hayo. Nilipozoea kuongea naye nilimuuliza, na akanijibu akitafuna njugu zake.

"Nyar Rangwe," alisema, maana ndivyo alivyoniita, binti wa Rangwe, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa, "kamera haiui mtu. Kamera inamkawisha tu. Wewe si unaona wale wote nimepiga bado wanatembea kwa TV?"

Hilo halikunipa utulivu wowote. Ndilo hasa nililokuwa nikiliogopa.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Msibani alikuwa jemadari. Nimemwona kwa macho yangu akiwarudisha wabeba jeneza ndani ya nyumba kwa sababu walitoka vibaya. "Rudisheni kidogo! Jua iko nyuma yenu, mtakuwa weusi wote! Sasa mkuje polepole, na wewe wa mbele uache kutafuna!" Na watu wazima, wenye uchungu wao, wakarudi na jeneza ndani, wakatoka upya. Padri alisubiri mkono ukiwa hewani. Hakuna chifu ambaye angepata utii ule.

Lakini wingu likitokea upande wa ziwa, jemadari huyo aligeuka kuwa mtoto. Kwanza alichomoa nyaya zake zote. Kisha alikuja mbio kwangu, analia mlangoni: "Nyar Rangwe, toa waya! Toa waya yote!" Mimi nina friji ya chanjo za kuku, na chanjo haipendi joto, lakini nilichomoa, kwa sababu mwoga akimwona mwoga mwenzake anakimbia hasubiri kuuliza. Tuliketi gizani kila mtu upande wake wa ukuta, tukizungumza kwa kupaza sauti mpaka mvua ipite. Nadhani urafiki wetu ulitokana na radi zaidi ya kitu kingine chochote.

Tena hakula chakula cha matanga hata siku moja. Wapishi walimbembeleza, wakamwekea nyama ya peke yake, naye akashukuru na kutoa njugu mfukoni. Nilidhani ni ulokole. Kumbe ni woga mwingine. "Mimi nikizoea kula matanga kila Jumamosi," aliniambia, "siku moja nitaanza kuomba watu wakufe."

Hakuwahi kufuta picha ya marehemu yeyote. Wateja walikuja hata baada ya miaka, wengine wakiwa wamesahau hata mwezi wa mazishi, naye akainama kwenye ile kompyuta yake ya mezani, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama meza ya bibi arusi, akatafuta, akapata. Nilimuuliza kama haogopi kulala karibu na watu wote hao. Akasema anaogopa sana. Akasema ndiyo maana hazimi kompyuta ila kwa radi, asije akaiwasha siku moja akute wameondoka.

Sasa niseme habari za Mama, kwa maana bila hizo huwezi kumjua Japicha nilivyomjua.

Ndugu yangu mdogo alikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Alishinda Ogwedhi siku za soko, akirudi na mavumbi na vicheko, na Mama alimpenda kuliko sisi wote wala hakuficha. Homa ilimkamata huko huko, ikammaliza upesi. Wakati huo Mama alikuwa amelazwa Homa Bay, mguu wake umetoka kupasuliwa, na madaktari walikataa kabisa asitoke kitandani. Wazee wa ukoo walikuwa wamepanga siku. Tukamzika bila yeye, pale bomani Rangwe, nje ya mlango wa jiko lake. Japicha alipiga video. Mama aliporudi nyumbani kwa magongo, alikuta kilima cha udongo na DVD.

Aliitazama siku hiyo, na baadaye akawa anaitazama kila alipolemewa. Ilikuwa na desturi yake. Alifunga mlango, akavaa gauni la kanisani, akaketi, akatazama mwanzo mpaka mwisho bila kusema neno. Udongo ulipojaa na majembe yakasimama, alisema, "Haya, ameingia," akazima, akaenda kupika. Siku zilizofuata alikuwa mzima kabisa. Mimi sikuwahi kuitazama hadi mwisho. Kila mara jeneza lilipofikishwa kwenye shimo nilikumbuka chungu jikoni, hata kama hakuna chungu.

Kisha DVD ikaanza kukwama. Mama si mtu wa kuvumilia kitu kinachokwama. Alitazama ile sahani, akaona ina madoa, akaisugua kwa majivu na waya wa chuma kama anavyosugua sufuria zake, mpaka ikang'aa kweli kweli. Alinipigia simu akilalamika kwamba ameisafisha vizuri na bado deki inaikataa. Nilipofika nikaiona, nilikaa chini. Ungeweza kuona upande wa pili.

Nikamwambia asijali, Japicha hafuti kitu. Nilisema hivyo nikiamini. Niliporudi Rodi nilimkuta Japicha amesimama nje ya chumba chake, na ndani kunanuka plastiki iliyoungua. Ile kompyuta ya mezani ilikuwa imetoa moshi asubuhi hiyo. Kitambaa cha kufuma kilikuwa mikononi mwake.

Fundi mmoja wa Homa Bay aliweza kuokoa diski ya ndani. Vipande vya picha vilipatikana, vile vilivyotoka kwenye kamera, vibichi. Ile kazi ya kuviunga na kuvipanga ndiyo iliyopotea. Mwanawe Japicha akamtumia laptopu mpya kutoka Nairobi, nyembamba, nzuri, na mzee aliigeuza chini juu kama mtu anayetafuta kupe sikioni mwa mbuzi.

"Hii haina mdomo," alisema.

"Mdomo gani?"

"Ya kumeza CD. Nyar Rangwe, wametengeneza computer haina mdomo. Sasa watu watakula wapi?"

Akanunua mdomo wa pembeni, ule wa kuchomeka kwa waya. Hapo ndipo tukagundua kwamba mdomo si shida, shida ni programu. Ile aliyoizoea ilikuwa imekuja ndani ya kompyuta ya zamani, bure, na kompyuta mpya haikuijua wala haikutaka kuijua. Alipoiingiza kwa nguvu ilikataa. Akajaribu njia ya mkato. Alinakili ile video kwenye sahani kama mtu anavyonakili nyimbo kwenye flashi, akanipa nimpelekee Mama. Deki ya Mama iliizungusha, ikaguna, ikaandika kwamba haioni kitu. Kumbe kunakili si kutengeneza DVD. Deki za zamani zinataka picha zipangwe kwa namna yao, na programu za kupanga hivyo ndizo zilizokuwa zimeanza kutoweka duniani bila mtu kututangazia.

Unaweza kuuliza kwa nini Mama asitazame kwenye simu. Tulijaribu. Alisema kwenye simu mtoto wake ni mdogo kama sisimizi, tena mara anaingiliwa na tangazo la mikopo akiwa ndani ya sanduku.

Japicha alizunguka. Alikwenda kwenye saiba za Homa Bay, akaambiwa na kila mtu aweke kwenye flashi. Alikwenda mpaka Migori mjini, kwa mama mmoja anayeuza kompyuta za mtumba, na nilikuwa naye kwa sababu nilifuata dawa za minyoo huko.

"DVD?" yule mama aliuliza. "Mzee, nani bado anachoma DVD? Si uweke tu kwa flash?"

"Flash haina heshima," Japicha alisema. "Na huyo mama wa watu deki yake haina hiyo shimo."

"Basi download. Ziko mingi huko kwa net. Lakini chunga, zingine zinakuja na wageni."

Wageni walikuja. Mchana mmoja nilikuwa nahudumia mteja nikasikia kishindo, kiti kimeanguka, kisha Japicha akaingia dukani kwangu bila kofia. Sijawahi kumwona bila kofia. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Kuna mwanamke ndani ya laptop," alisema.

Nilitega sikio. Kweli, upande wa pili wa ukuta mwanamke alikuwa akisema kwa Kizungu, kwa sauti tulivu isiyopumua, kwamba usizime kompyuta yako, usizime kompyuta yako. Mteja wangu aliacha dawa kwenye meza akaondoka. Mimi na Japicha tulisimama tumeshikana mikono, watu wazima wenye wajukuu. Mle ndani kulikuwa na wafu wa tarafa nzima, na sasa mmoja wao alikuwa amejifunza Kizungu. Ni mwalimu mmoja aliyepita baadaye aliyetueleza kwamba ni matapeli, wanataka uwapigie simu, na akaizima kwa kubonyeza kitufe na kukishikilia. Usiku huo nililala na taa.

Hatimaye ikapatikana programu iliyofanya kazi, lakini ya majaribio, ile inayokuonjesha ili ununue. Japicha alichoma DVD, akaijaribu kwenye deki yake, ikazunguka. Alikuja nayo kwangu ikiwa kwenye bahasha. Niliona hakuwa na furaha, lakini nilidhani ni uchovu.

Nilimpelekea Mama. Alivaa gauni la kanisani. Picha ikatokea, safi, sauti ya kwaya nzuri, na juu ya kila kitu, kutoka kona hadi kona, maandishi makubwa meupe ya Kizungu. Yalipita juu ya jeneza. Yalipita juu ya uso wa ndugu yangu walipofungua kidirisha.

"Wameandika nini juu yake?" Mama aliuliza.

"Ni jina la wenye programu, Mama."

"Wao ni watu wa ukoo gani?"

Jeneza likafikishwa kaburini, kamba zikapitishwa chini yake, wanaume wakazishika, wakainama, na picha ikaisha. Skrini ikawa nyeusi. Safari hii sikuwahi kukimbilia jikoni. Tulingoja. Mama alisogeza kiti karibu na televisheni.

"Udongo uko wapi?" alisema. "Sijaona udongo."

Nilimwambia programu ni ya majaribio, inakata mwisho, ni ya kuonjesha tu, na Japicha atatafuta nyingine. Nikanyoosha mkono kuzima deki. Akanishika kifundo kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Usizime. Utamwacha hapo juu?"

Sisi ni Wakristo, na Mama ni Mkristo kunizidi. Lakini kuna mambo ambayo ubatizo huyapita juu juu. Maiti asiyezikwa sawasawa huweza kuwa jachien, mzimu unaorudi nyumbani kudai, nasi tumelelewa na hofu hiyo tukiwa bado tunanyonya. Mama aliacha deki ikiwaka. Skrini nyeusi ilikaa sebuleni kama mgeni. Alipokuwa na chakula alipakua kidogo kisha akakiacha. Mlango aliuacha wazi mpaka giza liingie. Jirani alinipigia simu akasema, "Mama yako hasemi na mtu, na amekonda." Nilikwenda, nikamkuta ameketi na gauni lile lile la kanisani, na nilipomgusa mkono ulikuwa umebaki mfupa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Sikuogopa mizimu tena. Niliogopa kwamba Mama atakufa kwa ajili ya kipande cha video.

Nikarudi Rodi nikambana Japicha. Nilimwambia kwa ukali usio wa kawaida yangu kwamba lazima apate programu nzima. Alikubali kwa kichwa. "Ni hiyo programu," alisema. "Ni hiyo programu tu inakata." Siku zilizofuata sikusikia vilio kupitia ukuta. Nilisikia mtu akitembea, akiketi, akisimama. Njugu aliacha. Wingu lilitokea upande wa ziwa, radi ikapiga, na hakuja kuniambia nichomoe waya. Hilo lilinitisha zaidi ya radi yenyewe.

Wiki ya mazishi mengi alikataa kazi mbili. Wenye misiba walikuja kuniuliza mimi, kana kwamba mimi ni mke wake. Mmoja alisema pengine amejipiga video mwenyewe kwa bahati mbaya.

Kisha mchana mmoja aliniita. Chumba kilikuwa na joto, pazia limefungwa. Alinionyesha programu mpya, ya bure, iliyotengenezwa na watu wa mbali wasiodai chochote. Haikuwa na maandishi juu ya picha. Haikukata kitu. Alivuta ile video mpaka mwisho ili nione. Wanaume waliinama, kamba mikononi, na picha ikaishia pale pale.

"Bado inakata," nilisema.

"Haikati. Hiyo ndiyo mwisho." Hakunitazama. "Betri iliisha, Nyar Rangwe. Siku hiyo nilikuwa na betri moja, ile ingine nilisahau kwa charger. Walikuwa wanashusha ndugu yako, na kamera ikazima."

Sikuelewa. Nilimwambia Mama ametazama udongo ule miaka yote.

"Ameona udongo. Nilitoa mahali pengine nikaunga. Ilikuwa miguu tu na majembe, haina uso ya mtu. Nilijua mama hakukuwa, nikasema nitampelekeaje mtoto ananing'inia kwa kamba?"

"Udongo wa nani?"

"Ya watu ya kule chini, ziwani. Wenyewe hawajalalamika."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshukuru. Mama yangu amekuwa akimzika mgeni. Ameketi mbele ya mgeni akisema ameingia. Niliuliza kama kile kipande kipo. Kipo, alisema, fundi aliokoa vyote, lakini amekuwa akikifungua na kukifunga, akikifungua na kukifunga, na jana ndipo alipoweza kukiweka mahali pake. Akaniuliza, "Tumwambie?"

Nilisema hapana. Nilisema ampelekee Mama udongo wake, ale, alale, na mimi na yeye tufe na neno hilo. Mwoga hupenda sana kufa na neno.

Alisema atakuja nami Rangwe, apeleke mwenyewe.

Tulifika jua likiwa bado juu. Mama alimpokea Japicha kwa heshima, akamwita wuoda, mwanangu, akatuletea maji. Deki ilikuwa inawaka. Japicha aliweka DVD, akaketi kwenye kigoda ukingoni, kofia magotini. Tukatazama. Hakukuwa na maandishi. Ndugu yangu alipita usoni petu akiwa msafi. Wanaume wakashika kamba, wakainama, na bila kukatika ukaja udongo: miguu, viatu vya matope, majembe yakipanda na kushuka, na sauti ile ya madongoa juu ya mbao ambayo nilikuwa nikiikimbia miaka yote. Mama alipumua pumzi ndefu. Majembe yakasimama.

"Haya," alisema. "Ameingia."

Nilidhani tumeokoka. Japicha akapiga magoti sakafuni.

"Mama, nisamehe. Huo udongo..."

"Si wetu," Mama alisema. "Najua."

Mama alimtazama kwa subira, kama anayemweleza mtoto wa shule.

"Udongo ya hapa ni nyekundu. Nimelima hapa tangu niolewe, sasa nitakosaje kuijua? Ile ni nyeusi, ya pande ya ziwa. Nilijua siku ya kwanza."

"Sasa ulikuwa unaogopa nini?" Nilipiga kelele, nasikitika kusema. "Tumekaribia kukuzika, Mama! Ulikuwa unaogopa nini?"

"Wa kwangu nafagia kaburi lake kila asubuhi. Hapo nje. Yeye najua ameingia." Alinyoosha kidole kwenye skrini. "Huyu mwingine ndiye sikumjua. Lakini nilisema, kama amepitishwa kwangu ni kwamba hana mtu wa kumwangalia mpaka mwisho. Nikawa nawazika wote wawili. Siku mlileta ile imekatika, nikajua sasa ameachwa. Nikaogopa atakuja kuuliza mbona nimemwacha, na sina jibu." Kisha akamgeukia Japicha, ambaye bado alikuwa chini. "Ni wa nani?"

Alikunja ile kofia mpaka nikadhani itachanika.

"Ni wangu, Mama. Wa kike. Sikuweza kushika kamera. Niliisimamisha kwa ile miguu yake mitatu iangalie yenyewe, nikaenda nyuma ya nyumba. Hata kutazama mpaka mwisho sijawahi. Nilikata nikiwa nimefumba macho."

"Na leo umetazama?"

"Leo nimetazama na wewe."

Nje kuku walikuwa wakiparua. Nilifikiri Mama atalia, au atamfukuza.

"Anaitwa nani?"

"Akinyi."

"Akinyi," Mama alirudia, taratibu, kama anayelionja jina. Akanyoosha gauni lake magotini, akakaa wima. "Basi weka tena, nimzike nikimjua jina."

Japicha alinyoosha mkono kwenye deki. Kidole kilifika juu ya kitufe, kikakataa, na Mama akainama kutoka kwenye kiti chake, akamshika ule mkono, wakabonyeza pamoja.